Kupanda Ben Nevis peke yako siku ya ukungu

Karibuni tena. Leo tupo bonde la Glen Nevis, Uskoti, mwezi wa Julai. Ben Nevis wenyewe upo hapo nyuma yangu, ingawa hamuoni kitu. Ni mita 1,345, mrefu kuliko milima yote ya Uingereza, na hata kiangazi kilele hushinda kimefunikwa hivi. Aliyekulia Lushoto au Limuru atasema ukungu anaujua. Sawa, lakini ule unakukuta kwenye njia yenye nyumba na watu wa kuwauliza. Huu unakukuta kwenye uwanja wa mawe wenye magenge kando yake.

Kazi inaanza usiku wa kuamkia safari. Fungua utabiri wa milimani wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, si ule wa mjini, uangalie kimo cha mawingu na kasi ya upepo. Ukungu mtupu unapandika. Ukungu na upepo mkali kwa pamoja, lala nyumbani. Kisha mwandikie mtu unayemwamini: njia utakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia apige simu polisi. Taja saa kamili, usiseme “jioni”, maana msimu huu jua linazama karibu saa nne usiku. Na simu yako isajiliwe leo hii: tuma neno “register” kwenda 999, namba ya dharura ya hapa, ili ukikwama mahali ambapo sauti haipiti, ujumbe mfupi upite.

Begi sitalikalia sana. Koti na suruali ya mvua, sweta la ziada, kofia, glavu, ndiyo, glavu Julai. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6.5, kwa hiyo bondeni kukiwa na 15, juu hesabu 6, upepo bado. Jinzi na fulana ya pamba viache. Chakula, maji, chupa ya chai, tochi ya kichwa, filimbi, ramani ya karatasi na dira. Dawa ya visubi usisahau, wale wa hapa wanakula mtu mzima mzima upepo ukitulia.

Sasa piga hesabu ya muda. Kuna kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka hapa hadi kileleni ni kama kilomita 8, na karibu kimo chote cha mlima. Inakuja karibu saa nne bila kupumzika. Ukiondoka saa mbili asubuhi, jiwekee kwamba saa nane mchana unageuka, popote ulipo.

Njia ya chini iko wazi, twende. Hapa mnaona ziwa dogo upande wa kushoto, tuko kama mita 570. Njia inagawanyika: ya kushoto inazunguka kwenda kwenye kuta za kaskazini, yetu inakata kulia. Simama hapa. Toa ramani, weka kidole mahali ulipo, angalia saa. Toka hapa fanya hivyo kila njia inapokata kona kubwa, ukungu haujaingia bado. Na usifuate mgongo wa koti la mtu kwa sababu tu anatembea kama anayejua. Kiangazi watu ni wengi, na wanapotea kwa makundi.

Kileleni mtakuta magofu ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi kuanzia 1883 hadi 1904. Mwanafizikia C.T.R. Wilson alikaa hapo Septemba 1894, akavutiwa na pete za rangi juu ya ukungu, akaenda kutengeneza ukungu maabarani, na mwaka 1927 akapata Nobel ya fizikia. Picha zikitosha, sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kushuka kuna sehemu mbili. Toka kwenye nguzo ya wapimaji ardhi, fuata mwelekeo wa nyuzi 231 za ramani, mita 150. Hiyo inakuepusha na korongo la Gardyloo. Halafu nyuzi 282 mpaka njia ianze kuteremka kwa kona kona. Ukielemea kushoto unaingia korongo la Five Finger Gully. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni ndogo siku hizi, isome ukingoni mwa ramani.

Tazameni mkono wangu. Nazungusha duara mpaka 231 ikae kwenye mstari. Dira iko kifuani, simu iko mfuko wa nyuma, kwa sababu simu inavuta sindano. Nageuka mimi mwenyewe, miguu na yote, mpaka ncha nyekundu ikae ndani ya mshale. Nachagua jiwe mbele, lile jeupe, naliendea, nachagua jingine. Nahesabu mguu wa kushoto tu: mita 100 kwangu ni kama hatua 65, kwenye mawe zaidi. Pimeni zenu kwanza uwanjani.

Ukipoteza njia, usishuke kutafuta. Vaa kila kitu, piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Filimbi ni mara sita kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni mara tatu.

Ukifika chini, kabla hujavua viatu, mpigie yule uliyemwachia saa. Waokoaji ni watu wa kujitolea, wasitolewe mezani bure.