Rangi Haitumwi kwa Posta: Jibu Langu Kuhusu Modeli ya Hurricane

Ndugu zangu watazamaji, salamu kwenu popote mlipo. Tangu ilipoonekana kwa sekunde chache kwenye video yangu ile modeli ya ndege iliyokuwa mezani nyuma yangu, kila ninapofungua maoni nakutana na swali lile lile: je, niliinunua ikiwa tayari au niliiunda mwenyewe, inagharimu kiasi gani, na kama si ghali, kwa nini sijatuma hata moja nyumbani. Wapo waliouliza kwa heshima, nami nawashukuru. Wapo pia walioandika kwamba mtu mzima aliyevuka bahari kutafuta maisha hana sababu ya kukesha akichezea midoli. Leo nitawajibu wote kwa pamoja, na ninaomba tangu mwanzo nisieleweke kwamba najigamba kwa kuwa na ninachokipenda, wala kwamba nalalamika ninapotaja yaliyonisumbua.

Ndege ile ni Hawker Hurricane ya aina ya kwanza, ndege ya kivita ya Uingereza iliyobuniwa na Sydney Camm na kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935. Modeli yangu ni ya skeli ya 1/48, maana yake kila sentimita moja mezani ni sentimita 48 za ndege halisi. Hurricane ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yangu ina sentimita 25 na kidogo. Niliiunda mwenyewe kutoka kwenye boksi lenye vipande vya plastiki, na ilinichukua miezi minne ya jioni za Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa siku nyingine zote nipo kazini kama mtu mwingine yeyote.

Kuhusu fedha nitasema ukweli wote, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotoshwa. Boksi lenyewe ndilo gharama ndogo kuliko zote. Kinachomaliza fedha ni vinavyolizunguka: koleo dogo la kukatia vipande, msasa wa namba mbalimbali, gundi, praima (rangi ya msingi inayoshikisha nyingine), rangi, thina ya kuzimulia rangi, vanishi, utepe wa kufunikia sehemu isiyotakiwa kupakwa, na baadaye kompresa pamoja na kipulizia rangi. Ukivijumlisha kwa mara moja utaogopa na kuacha. Mimi sikuvinunua kwa mara moja. Modeli zangu mbili za mwanzo nilizipaka kwa brashi mbili na vichupa vitano vya rangi, na kompresa niliyonayo niliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Anayesema kwamba kazi hii ni ya matajiri hajakosea kabisa, lakini amehesabu vifaa vya mtu aliyefika mwaka wa sita na kuvifanya kuwa sharti la mwaka wa kwanza.

Wengi mmeuliza kwa nini Hurricane na si Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ambayo kila mtu anaifahamu. Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye mapigano ya anga juu ya Uingereza, Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi zaidi na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za adui, ila sifa zilikwenda kwa mwenzake mwenye umbo la kuvutia. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niichague. Lakini kilichonivuta zaidi ni tukio lililotokea Afrika yetu ya Mashariki. Tarehe 15 Machi 1941, rubani wa Jeshi la Anga la Afrika Kusini, Kapteni John Frost, alilazimika kutua kwenye uwanja wa adui huko Diredawa, Ethiopia, ndege yake ikiwa imepigwa. Mwenzake, Luteni Robert Kershaw, alimwona, akatua na Hurricane yake katikati ya risasi, akampakia. Ndege ile ina kiti kimoja tu. Frost alikaa mapajani mwa Kershaw, akashika usukani na kukanyaga pedali, huku Kershaw akishughulikia magurudumu na vibao vya mabawa, wakaruka na kurudi salama.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kazi huanzia hapo hapo kwenye kiti. Katika modeli ya ndege, chumba cha rubani huundwa na kupakwa rangi kabla ya kitu kingine chochote, kwani ukishaunganisha pande mbili za kiwiliwili hutakifikia tena. Kiti cha Hurricane yangu hakifiki upana wa sentimita moja. Nilikishika kwa kibano, nikakipaka rangi ya ndani ya kijani kilichochanganyika na kijivu, nikakata vipande vya utepe vyembamba kama nyuzi kuwa mikanda, na kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno nikaweka nukta za rangi ya fedha mahali pa vifungo. Nilipokiweka mahali pake na kuona nafasi iliyobaki kila upande, ndipo nilipoelewa watu wazima wawili walikaa wapi siku ile, na nilikaa nacho mkononi muda mrefu bila kuendelea na kazi.

Maelezo ya kuunganisha mengine yote yamo kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, siyarudii. Nitasema mawili tu ambayo karatasi ile huyapita juu juu. La kwanza ni gundi. Gundi nyepesi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya kawaida, bali huyeyusha kingo za vipande viwili na kuvifanya kipande kimoja, kwa hiyo tone moja likidondoka mahali pasipotakiwa halifutiki, na ukilifuta kwa kidole, alama ya kidole inabaki kwenye plastiki. La pili ni kuosha. Vipande vinatoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta yanayopakwa kwenye kalibu ili plastiki iachie, na mafuta hayo hayaonekani kwa macho. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uvikaushe, kisha ndipo uanze.

Sikuviosha. Nilikuwa na hamu, nikajiambia kwamba vinaonekana safi. Nikaunganisha, nikapiga praima, nikapaka rangi ya udongo kwenye mabawa, ikakauka vizuri hata nikafurahi. Kisha nikaweka utepe kwa ajili ya rangi ya kijani. Nilipoubandua, ulitoka na ngozi nzima ya rangi kwenye shina la bawa la kushoto, pale linapoungana na kiwiliwili, kipande kama ukucha wa dole gumba, praima na vyote, plastiki ikabaki tupu inang'aa. Kukirekebisha kulitaka msasa laini wa namba 1000, kisha laini zaidi wa 2000, praima tena, rangi tena, na wiki mbili za mapumziko yangu. Kwa hiyo mtu akiniuliza siri ya rangi nzuri, mimi kwa upande wangu namjibu kwamba ni beseni la maji ya sabuni.

Sasa rangi yenyewe. Katika kiangazi cha 1940 Hurricane zilipakwa juu mabaka ya rangi ya udongo uliokolea na kijani kilichokolea, na chini rangi iliyoitwa Sky, ambayo licha ya jina lake si buluu ya anga bali ni kijani hafifu sana kinachoelekea weupe. Ninaanza na ile hafifu ya chini, nafuata udongo, namalizia na kijani, kwa kuwa rangi iliyokolea hufunika hafifu kwa urahisi kuliko hafifu inavyofunika iliyokolea. Kwa kipulizia, rangi huongezwa thina hadi iwe nyepesi kama maziwa, na hupulizwa kwa tabaka jembamba moja baada ya jingine, hata kama tabaka la kwanza linakuonyesha plastiki na kukutia wasiwasi. Dirisha liwe wazi na uvae barakoa yenye vichujio vya kaboni, si ile ya kitambaa. Katika hili peke yake sisemi kwamba kila mtu afanye apendavyo, kwa sababu mapafu ni mapafu.

Mpaka kati ya udongo na kijani huleta ubishi mkubwa. Wengi huuacha ukififia kwa upana, wakiamini kwamba kwa kuwa ndege halisi zilipulizwa, basi rangi lazima ziingiliane kama moshi. Lakini hesabu skeli. Kama mpaka kwenye ndege halisi ulififia kwa sentimita mbili, kwenye modeli ya 1/48 hiyo haifiki nusu milimita, yaani jicho litauona kama mstari uliokatwa. Ukifanya ufifie kwa milimita tano, umepaka ndege ambayo mabaka yake yalififia kwa sentimita 24, na ndege ya namna hiyo haikutoka kiwandani.

Kosa linaloniumiza zaidi ninapoangalia kazi za wenzangu, na nasema hivi kwa mapenzi, ni mikwaruzo ya rangi ya fedha kwenye sehemu ya nyuma ya Hurricane. Mtu anataka ndege ionekane imechakaa kwa vita, anadonoa rangi ya fedha kila mahali ili ionekane kama chuma kimechomoza. Sehemu ya nyuma ya Hurricane, kuanzia chumba cha rubani hadi mkiani, haikuwa na ngozi ya chuma. Ndani kulikuwa na mabomba ya chuma na mbao, na juu yake kitambaa cha kitani kilichokazwa kwa dawa hadi kikawambika kama ngozi ya ngoma. Kitambaa hakina chuma cha kuchomoza. Niliithibitisha kwa macho yangu katika jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Hendon, London, ambako kiingilio ni bure na ipo Hurricane ya aina ya kwanza. Nilisimama ubavuni mwake nikaona jinsi mbavu za mbao zinavyojitokeza taratibu chini ya kitambaa, kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Mikwaruzo iwe kwenye shina la bawa, mahali rubani na mafundi walipokanyaga, na kwenye vifuniko vya injini vilivyofunguliwa na kufungwa kila siku. Nyuma weka vumbi na masizi ya ekzosi, basi.

Kabla ya kubandika stika za maji, yaani zile alama za duara na herufi za kikosi, piga kwanza vanishi inayong'aa. Uso usiong'aa una vinyweleo, hewa hunaswa chini ya stika, na ikikauka inaonyesha weupe unaoharibu kazi ya miezi. Vanishi isiyong'aa huja mwisho kabisa, juu ya yote.

Sasa nifike kwenye lile la kutuma nyumbani, ambalo limenikera kwa muda na sijawahi kulisema hadharani. Nilijaribu. Mpwa wangu aliomba, nikamfungashia modeli ndogo ya skeli ya 1/72 pamoja na rangi sita, brashi na gundi. Kwenye fomu ya forodha, mahali pa kueleza kilichomo, niliandika kwa ukweli wangu wote: ndege ya kivita, rangi na gundi. Kifurushi kikarudishwa. Rangi za mafuta na thina zake ni vimiminika vinavyoshika moto, katika usafirishaji vimo kwenye daraja la 3 la bidhaa za hatari chini ya namba UN 1263, na hata baadhi ya zile zinazoitwa za akriliki zina alkoholi ndani yake. Hilo nilikubali, kosa lilikuwa langu. Nikaondoa rangi na gundi, nikakituma tena, na safari hii kikashikiliwa kwa sababu ya yale maneno mawili, ndege ya kivita. Nikaulizwa kwa barua kama ni sehemu za silaha. Nikajaza fomu nyingine, nikaambatisha picha ya boksi na risiti, nikasubiri, nikaandika tena, nikaelekezwa kwa ofisi nyingine ambayo nayo ilinirudisha kwa ile ya kwanza. Gharama ya kutuma ilipita thamani ya modeli. Wakati huo huo ndugu mmoja alikuwa akiandika kwenye maoni yangu kwamba watu wa ughaibuni tuna mkono wa birika.

Baadaye nilijifunza kwamba modeli za skeli zina kundi lao katika orodha ya forodha ya kimataifa, namba 9503, pamoja na vitu vya kuchezea watoto, na namba hiyo ikiandikwa kwenye fomu, afisa hana haja ya kukisia. Kifurushi cha tatu kilifika. Sisemi kwamba cha kwako kitafika, maana kila forodha ina utaratibu wake na kila afisa ana siku yake.

Kwa hiyo mwenye kuniomba modeli, jibu langu ni hili. Rangi, thina na gundi tafuta hapo ulipo, na kama huzipati, anza na rangi za akriliki zinazochanganywa kwa maji na brashi laini mbili, kama nilivyoanza mimi. Boksi lenyewe naweza kutuma, moja moja, kadiri nafasi itakavyoruhusu, na kwenye fomu nitaandika "modeli ya plastiki ya kuunganisha, 9503", bila kutaja vita.