Bela Lugosi na Ulimi Wake

Walio nyuma sogeeni mbele, kipaza sauti leo kimegoma.

Naanzia kwenye ngazi. Ni filamu ya Dracula, yule mnyonya damu wa hadithini, mwaka 1931: kasri bovu, utando wa buibui umeziba njia, mzee wa joho jeusi, ndiye Bela Lugosi akiigiza Dracula, ana mshumaa mkononi. Anamkaribisha mgeni, anapanda, mara yuko ng'ambo ya utando na haujakatika hata uzi mmoja. Meno marefu je? Hayaonekani filamu nzima. Kinachotisha ni macho yaliyomulikwa kwa taa nyembamba, na ule usemi wake: neno, kimya, neno jingine.

Usemi ule ulianza kama shida. Lugosi alizaliwa 1882 katika mji wa Lugos, wakati huo ukiwa Hungaria, leo Romania. Jina lake la jukwaani alilitoa huko. Alishaigiza Romeo mikoani kabla ya kufika Jumba la Taifa la Maigizo, Budapest. Mwaka 1919 serikali ya kikomunisti ya Béla Kun ikaanguka huko Hungaria, naye Lugosi chini yake alikuwa amewaunganisha waigizaji katika chama chao. Akakimbia. Alipopata nafasi ya Kiingereza New York, 1922, aliihifadhi kwa sauti tu, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura kabla ya kujua maana yake. Hebu fikirini: unamjibu mwenzako jukwaani, na hujui amekuuliza nini!

Mwaka 1927 Dracula, kama mchezo wa jukwaani, ikapanda Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, Lugosi akiwa Dracula, maonyesho 261. Lafudhi iliyomnyima kazi sasa ikajaza ukumbi. Ilipofanywa filamu, studio ikamlipa dola 500 kwa wiki, wiki saba, basi. Filamu ikaivunia studio fedha nyingi. Mimi hapo humlaumu kidogo na yeye. Aliitaka mno nafasi ile.

Zimwi la filamu ya Frankenstein, nafasi isiyohitaji hata neno, likaenda kwa mwigizaji mwingine, Boris Karloff. Karloff, Mwingereza, aliweza baadaye kuwa jaji, daktari, babu. Lugosi akifungua mdomo tu, watu walishamwona mnyonya damu. Na ajabu, katika filamu ndefu aliigiza Dracula mara mbili tu, ya pili 1948, tena ya vichekesho.

Maumivu ya neva za mguu yakamtia kwenye mofini, dawa ya maumivu inayomfanya mtu mtumwa wake. 1955 akajipeleka hospitali mwenyewe aiache, hadharani. Akafa Agosti 1956. Familia ikamzika na joho la Dracula.

Haya, zimeni taa, tuione ile ngazi.