Anayejibu Simu na Anayewajibika

Habari za jioni. Nashukuru kwa mwaliko, na nafurahi kuona vijana wamejaa mpaka nyuma kule, maana jambo la leo ni lenu kuliko langu.

Nianze na simu moja. Mwaka 2012 nilikuwa wakala katika kituo cha simu jijini Nairobi. Tulihudumia wateja wa kampuni ya simu ya Uingereza. Mteja anapiga namba ya kwao, simu inapita chini ya bahari, inaibukia masikioni mwangu. Siku hiyo akapiga mama mzee. Mumewe alikuwa amefariki wiki tatu kabla, laini ya nyumbani ilikuwa kwa jina la marehemu, na fedha zilikuwa bado zikikatwa benki kila mwezi. Alitaka laini ihamishiwe jina lake, basi. Skripti iliyokuwa kwenye kompyuta yangu ilisema nizungumze na mwenye akaunti peke yake. Mwenye akaunti amezikwa. Nikampa pole, nikamwita msimamizi. Msimamizi naye hakuwa na ruhusa. Mwenye ruhusa alikuwa afisa mmoja kule Uingereza, na kwake hatukuwa na namba ya simu, tulikuwa na fomu. Majibu baada ya siku 5 za kazi. Nilipomweleza, mama akaanza kulia. Nilikaa naye dakika 14. Lengo letu lilikuwa dakika 6.

Mwisho wa wiki nilikatwa alama. Ripoti iliyopelekwa Uingereza ilikuwa ya kijani tupu: simu zimepokewa upesi, wastani wa dakika uko sawa. Yote yaliyoandikwa katika mkataba yalitimizwa. Yule mama hakuwa ameandikwa humo.

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, nikiwa wakala, msimamizi, na sasa mshauri wa wanaotaka mikataba ya namna hiyo. Kila ilipoharibika niliona chanzo kilekile. Aliyetuma kazi alituma mikono, akabakisha mamlaka kwake. Halafu mambo yalipokwenda mrama, lawama ikaachwa kwa wenye mikono.

Kupeleka kazi za ofisi nje ya nchi, wenyewe huiita BPO, kifupi cha Kiingereza cha business process outsourcing, ni jambo rahisi kulieleza. Kampuni ina kazi isiyo biashara yake hasa: kupokea simu za wateja, kuandaa mishahara, kukagua madai ya bima, kuingiza ankara kwenye vitabu. Inamtafuta mtu wa nchi nyingine aifanye kwa gharama ndogo. Kazi yenyewe haipandi meli, ni maandishi na sauti. Kwa hiyo barabara yake ni waya.

Na waya si mgeni pwani yetu. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilifika Unguja kutoka Aden, ikaendelea kusini hadi Durban. Wafanyabiashara wa karafuu wakaanza kujua bei za Ulaya bila kungoja meli. Lakini ilipokuja zama ya intaneti tulibaki nyuma kabisa. Hadi katikati ya 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na setilaiti ni ghali na ina kuchelewa: unasema neno, mwenzako analisikia baadaye kidogo, mnagongana maneno. Huwezi kumhudumia mteja mwenye hasira hivyo. Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari iitwayo SEACOM ikaanza kazi, ya TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ikafika Mombasa mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Kenya tayari ilikuwa imeitaja BPO miongoni mwa nguzo za uchumi katika Dira ya 2030, mpango wake wa maendeleo uliozinduliwa 2008. Mimi niliajiriwa na waya ule, na hilo nalisema kwa shukrani.

India walitutangulia mbali. General Electric ilifungua kituo chake Gurgaon karibu na Delhi mwaka 1997, na kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa kampuni ya Genpact. Ufilipino ikafuata na kuwa jabari wa simu. Leo sekta hiyo inaajiri watu zaidi ya milioni moja kule. Sisi tuna kitu kimoja ambacho Manila hawana, nacho ni saa. New York ikiwa saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, Nairobi ni saa kumi jioni, na Manila ni saa tatu usiku. Wakala wa Manila anayemhudumia Mmarekani anakesha hadi alfajiri, mwaka hadi mwaka. Wetu anafika nyumbani usiku wa manane. Kwa mteja wa London tofauti ni saa mbili au tatu tu, unafanya kazi mchana kama watu. Vijana, mkienda kujinadi, litajeni hili kabla ya kutaja bei.

Sasa, kwa nini baadhi ya waliopeleka kazi nje waliirudisha? Kampuni ya kompyuta ya Dell iliondoa Bangalore, India, sehemu ya simu za wateja wao wa makampuni mwaka 2003, baada ya malalamiko. Benki ya Santander ya Uingereza ilirudisha vituo vyake vya simu kutoka India mwaka 2011. Watu wengi husema ni lafudhi. Mimi siamini kwamba lafudhi peke yake hufukuza mteja. Nimesikia wateja wa Kiingereza wakimsifu Mluo wa Kisumu kwa sauti yake. Kinachomchosha mteja ni kuzungumza na mtu mpole, mwenye adabu, asiyeweza kufanya lolote. Anapiga mara ya pili, mara ya tatu, kila mara anaombwa radhi. Radhi bila uwezo inakera kuliko ufidhuli. Na wakala anaitoa mara 70 kwa siku mpaka neno lenyewe linakauka mdomoni.

Mikataba mingi inaongezea tatizo kwa sababu hupima kilicho rahisi kupima. Kipimo kinachopendwa sana ni 80 kwa 20: asilimia 80 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 20. Kizuri hicho, nani anapenda kungoja? Lakini hakisemi simu iliishaje. Na mtoa huduma akilipwa kwa idadi ya simu, mteja anayepiga mara tatu kwa shida moja anamletea malipo mara tatu. Hapo hakuna mwizi. Kuna mkataba ulioandikwa na watu ambao hawajawahi kuvaa vile vipokea sauti hata saa moja.

Niingie Nairobi yenyewe, kwa kesi ambayo wengi mmeisikia. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama iliajiri wachujaji wa maudhui kwa ajili ya Facebook. Vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko walikaa kutazama picha na video za mauaji, ubakaji na mateso, ili sisi tusizione. Mwaka 2022 mmoja wao, wa kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, kampuni yenye Facebook. Mwaka 2023, baada ya Sama kutangaza kuachana na kazi hiyo, zaidi ya 180 wakashtaki pia. Meta ikajitetea kwamba haiko Kenya, haikuwaajiri, mahakama ya hapa haina mamlaka juu yake. Mahakama ya Ajira ikakataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema hivyohivyo: Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Angalieni jinsi inavyofanana na simu yangu, ila imegeuzwa. Kanuni za nini kifutwe na nini kibaki zilikuwa za Meta. Programu waliyofanyia kazi ilikuwa ya Meta. Uamuzi wote wa maana ulikuwa ng'ambo. Kilichodaiwa kuwa cha Nairobi ni mzigo: usiku usio na usingizi, ndoto mbaya, daktari wa akili. Nasikitika kusema kwamba viongozi wengine wa hapa kwetu walishtuka kwa hofu ya kupoteza wawekezaji, wakatafuta njia ya kuikinga kampuni inayoleta kazi isishtakiwe. Naielewa hofu hiyo. Ajira ni chache, na nimeona mama akiuza shamba kumsomesha mtoto ambaye baadaye hapati pa kwenda. Lakini mwekezaji anayekuja kwa sharti kwamba hatajibu chochote anatufundisha kujiuza, na bei ya kujiuza haipandi kamwe.

Tukitaja bei: Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliandika juu ya kazi nyingine ya Sama, ya kuweka alama kwenye maandishi machafu ili kufundisha mitambo ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50 kwa saa. Wafanyakazi walichukua nyumbani kati ya dola 1.32 na 2. Sama walieleza kwamba ile 12.50 ilikuwa ya gharama zote, jengo, marupurupu, wasimamizi. Kweli, jengo lina kodi na umeme hauji bure. Nimewahi kuandaa bajeti ya kituo, najua. Hata hivyo, yeyote kati yenu atakayeketi mezani na mteja wa nje ajue tarakimu zote mbili, ya juu na ya chini, na awe tayari kuzisema mbele ya wafanyakazi wake.

Mama mmoja mwenye hospitali aliniuliza pale mlangoni kabla hatujaingia: je, mimi nikitaka kupeleka kazi ya ankara na rekodi kwa kampuni ya India? Sawa, mama, peleka. Ila rekodi za wagonjwa zikivuja kule, mgonjwa atakuja kwako, na sheria nayo itakuja kwako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtenganisha mwenye kuamua juu ya data na mchakataji anayemfanyia kazi, na inataka mkataba wa maandishi kati yao. Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kabla ya kusaini, kaa siku nzima na karani wako wa ankara, umwone anavyofanya. Utagundua kuna maamuzi 10 anayafanya kichwani ambayo hayajaandikwa popote. Yaandike hayo kwanza. Asiyeijua kazi yake mwenyewe hawezi kumkabidhi mwingine, atakuwa anamtupia.

Mwaka 2020 mlikumbushwa jambo jingine. India na sehemu kubwa ya Ufilipino zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, vituo vikabaki vitupu, na kampuni kama Telstra, ya simu kule Australia, zikalazimika kuajiri watu wa muda kwao upesiupesi. Msiweke simu zote katika jiji moja.

Nimalizie kwa mkataba mmoja niliosaidia kuuandika miaka michache iliyopita, kati ya kituo kidogo cha Mombasa na duka la mtandaoni la Uingereza. Tulivutana wiki mbili juu ya kifungu kimoja tu. Tulitaka wakala aruhusiwe kurudisha hadi pauni 50 bila kumwuliza mtu, na simu za wafiwa zisihesabiwe kwenye wastani wa dakika. Mwenye duka aliogopa kuibiwa. Mwishowe akakubali kwa majaribio ya miezi mitatu, na mwenyewe akaja Mombasa, akakaa siku mbili na vipokea sauti masikioni akisikiliza. Siku ya pili alipiga mzee aliyefiwa na mkewe, anataka kurudisha vazi alilomwagizia. Binti aliyepokea alirudisha fedha hapohapo, kisha akamwacha aongee. Dakika 19. Mwenye duka alikuwa amekaa pembeni yake, akavua vipokea sauti, akatoka nje barazani. Majaribio yalipokwisha hakuna aliyekumbuka kuuliza kama kifungu kiendelee.

Sasa nipo kwa maswali. Anza wewe, kaka, uliyeinua mkono tangu nilipotaja Meta.