Mama wa Kijapani na bwalo la Manzanar

Jamani, hamjambo huko nyumbani? Leo maswali ya viza mnayoniuliza tuyaweke pembeni. Mnajua kazi yangu hapa Los Angeles ni kuhudumia wazee majumbani. Sasa kuna bibi mmoja, jina na sura yake siviweki humu, mzaliwa wa hapa hapa California, wazazi wake Wajapani. Ameniruhusu niwasimulie habari za marehemu mama yake.

Mama huyo aliolewa kwa picha. Wanaume wa Kijapani walitangulia huku kulima na kujenga reli. Wakishapata vijisenti wanatuma picha kijijini, mshenga anatafuta binti, ndoa inaandikishwa Japani bwana harusi akiwa Marekani. Binti anashuka melini na picha mkononi, anatafuta uso unaofanana nayo. Wengine walituma picha za ujanani, wengine suti ya kuazima. Matapeli wa picha hawakuanza na Instagram! Mwaka 1920 Japani ikaacha kuwapa pasi maharusi hao, na 1924 Marekani ikawafungia mlango Wajapani.

Basi mama akawa anaamka alfajiri, anapika wali, anaukandakanda kwa mkono vitonge vya watoto vya shule, kisha shambani kwenye stroberi na kitindamimba mgongoni. Shamba lenyewe la kukodi, maana sheria ya California ya 1913 iliwazuia Wajapani kununua ardhi. Jioni anarudi jikoni. Bibi anasema hakumbuki kumwona mama yake amekaa wakati wengine wanakula.

Kitu alichokitunza kuliko vyote ni ndoo ya pumba. Pumba za mchele, ndiyo, hizo hizo tunazolishia kuku! Zinachanganywa na chumvi na maji mpaka zilowe kama mchanga wa pwani, halafu unafukia humo matango, figili, biringanya. Kesho yake unafukua, unasuuza, unakata: chumvichumvi, uchachu kidogo, na kule kukatika mdomoni. Lakini kila siku lazima mkono uingie mpaka chini ugeuze, la sivyo zinaoza.

Februari 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Rais Roosevelt akasaini amri iliyowaondoa watu wenye asili ya Kijapani pwani ya magharibi. Watu kama 120,000 walifungiwa kambini, wengi wao raia kabisa wa Marekani. Ruhusa ni kubeba kile tu mikono inachoweza. Ndoo ikabaki.

Familia ikapelekwa Manzanar, moja ya kambi hizo, jangwani California, vumbi tupu. Kila mtaa wa kambi una bwalo moja, watu wanapanga foleni na sahani. Hapo ndipo familia nyingi zilipolegea. Watoto wanakimbilia kula na wenzao, vijana na vijana. Bibi alikuwa na miaka sita, anasema kwake ilikuwa raha tupu. Mama yake anamwekea nafasi kwenye benchi, yeye yuko meza ya mbali anacheka na marafiki.

Najua kuna atakayeandika hapo chini kwamba walilishwa bure, shida iko wapi. Wewe mpe mama yako foleni ya bwalo miaka mitatu, mnyang'anye jiko, halafu muulize shida iko wapi. Wengine walifichaficha majiko madogo ya umeme vyumbani wapate japo kupasha chai.

Wajapani wa kizazi cha mama huyo, waliozaliwa Japani, waliruhusiwa kuomba uraia mwaka 1952. Mwaka 1988 serikali ikaomba radhi na kuahidi dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Bibi alilipwa. Mama alikuwa ameshafariki.

Ndoo ya sasa aliianzisha bibi mwenyewe, na siku mikono ikimuuma nageuza mimi. (Wali wangu wa nazi kaukataa katakata, hilo tutaongea siku nyingine.) Walio Kyela na Mwea, pumba mnazo, chukueni mbichi safi za mashineni, mzikaange kidogo kwanza. Wiki ya kwanza mboga mnazofukia ni za kutupa, msizile.