Mikono ya Mfalme: Aragorn wa Kitabuni na Aragorn wa Filamu

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi na wageni wetu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie shujaa wa riwaya aliyehamishiwa kwenye filamu. Nimemchagua Aragorn, mtu wa porini anayekuja kuwa mfalme katika The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien. Kitabu kilitoka kwa juzuu tatu, 1954 na 1955. Filamu za Peter Jackson, zilizopigwa New Zealand, zilitoka 2001, 2002 na 2003, na ile ya mwisho ikazoa tuzo 11 za Oscar. Najua wengi wenu mlimfahamu Aragorn kwa sura ya Viggo Mortensen kabla hamjafungua ukurasa hata mmoja. Hakuna ubaya. Mortensen alimvaa mhusika huyu vizuri kiasi kwamba hata mimi nikisoma sasa naiona sura yake.

Ninalotaka kusema ni hili. Filamu ilimtwisha Aragorn shaka ambayo kitabuni hana, kisha ikalitupa tukio ambalo lingeijibu shaka hiyo. Na hili linaniuma, kwa sababu tukio lenyewe ni miongoni mwa mazuri kabisa aliyoyaandika Tolkien.

Tuanzie kwenye nyika za Rohan. Aragorn na wenzake wawili, Legolas na Gimli, wanawafukuzia maadui waliowateka rafiki zao. Wanazingirwa na wapanda farasi wenye mikuki, wakiongozwa na Éomer. Kwenye filamu Aragorn anajitambulisha kwa adabu: jina lake, la baba yake, majina ya wenzake, na kwamba wao ni marafiki wa mfalme wa Rohan. Basi. Ukifungua kitabu mahali hapohapo, unakutana na mtu mwingine. Anatupa joho lake nyuma, anachomoa upanga, anataja nasaba yake mpaka kwa Isildur na Elendil, wafalme wa kale wa Gondor, kisha anamtaka Éomer achague haraka: atamsaidia au atamzuia? Legolas na Gimli wanabaki kumshangaa, maana hawajawahi kumwona hivyo. Tolkien anaandika kwamba alionekana kama ameongezeka kimo, na Éomer amepungua.

Huyo hakimbii kiti cha enzi. Na upanga ule aliochomoa unaeleza mengi. Kitabuni, mahobiti, watu wadogo wa kimo, wanapokutana naye mara ya kwanza katika nyumba ya wageni ya Bree, tayari anao kiunoni, umevunjika, anazunguka nao hivyohivyo. Unafuliwa upya Rivendell, makao ya bwana Elrond, kabla safari haijaanza. Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, wameviacha vipande vile Rivendell kama kitu cha makumbusho, na upanga haufuliwi hadi filamu ya tatu, ndipo Elrond anaupeleka mwenyewe kambini, usiku, akimhimiza Aragorn aache kuwa mlinzi wa porini na awe yule aliyezaliwa kuwa.

Kwa nini walibadilisha? Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: filamu inataka mhusika anayebadilika mbele ya macho yetu, na Aragorn wa Tolkien ameshabadilika kabla hatujamjua. Ana miaka 87 tunapokutana naye, kwa kuwa ukoo wake huishi maisha marefu. Ameshapigana vita vya mataifa mengine kwa jina la kuazima, ameshapenda, ameshasubiri. Ya pili ni ya zama zetu. Mtazamaji wa leo humwogopa anayesema wazi kwamba utawala ni haki yake. Tunamwamini zaidi anayesitasita. Kwa hiyo Aragorn wa filamu anaogopa damu yake mwenyewe: babu yake Isildur aliipata ile Pete ya adui, yenye nguvu ya kumharibu anayeishika, akashindwa kuiangamiza, na yeye anahofia kwamba udhaifu uleule unatembea mishipani mwake.

Kitabuni deni la Isildur lipo vilevile, lakini Aragorn analibeba kwa namna nyingine. Katika baraza la Elrond anaeleza jinsi alivyomsaka porini Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete,, kwa sababu aliona inafaa mrithi wa Isildur ahangaike kurekebisha kosa la Isildur. Kosa la mzee, kwake, ni kazi ya kufanya. Analilipa kwa miguu, kwa baridi na njaa, wala hakai akijiuliza kama anastahili kulilipa. Mtu huyu simwoni kuwa rahisi kuliko yule wa filamu. Naona ni vigumu zaidi kumwandika, na vigumu zaidi kumwiga.

Lakini niitendee haki filamu, kwa sababu mahali pamoja imekipita kitabu. Karibu na mwisho wa filamu ya kwanza, juu ya kilima cha Amon Hen, Frodo, hobiti aliyebeba Pete, anafungua kiganja mbele ya Aragorn. Pete imelala pale. Aragorn anasogea, anapiga goti, anaufunga mkono wa Frodo kwa mikono yake miwili, na kuisukumia Pete kifuani mwa mwenyewe. Kitabuni Frodo anaondoka bila kumuaga. Hapa ile shaka waliyomtwisha imezaa kitu: tumeogopa pamoja naye, tumemwona akishinda. Kama filamu ingeendelea kumjibu kwa mtindo huo, nisingekuwa na mhadhara leo.

Haikuendelea. Twendeni Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, baada ya vita kuu vya mbele ya mji. Kitabuni, Aragorn ameshinda, lakini anagoma kuingia. Anapiga mahema nje ya malango ili asizue ugomvi kuhusu kiti. Ndani, katika Nyumba za Uponyaji, Faramir, mwana wa msimamizi wa Gondor, Éowyn, dada yake Éomer, na hobiti Merry wanazidi kuzama kwa ugonjwa ambao hakuna mganga anayeuweza. Bibi mmoja mtumishi, Ioreth, analia akikumbuka usemi wa kale: mikono ya mfalme ni mikono ya mponyaji, na hivyo ndivyo mfalme wa haki atakavyojulikana. Mchawi Gandalf anamsikia, anatoka mbio kumwita Aragorn.

Naye anaingia usiku, amejifunika joho la kijivu. Anaulizia majani ya athelas. Mkuu wa dawa anakuja na maelezo marefu ya majina ya mmea ule, lakini ghalani hana hata jani, kwa kuwa, anasema, hawaujui kuwa na nguvu yoyote ya maana. Mtoto mmoja, Bergil, ndiye anayekimbia na kurudi na majani machache yaliyoviringishwa kitambaani, tena si mabichi. Aragorn anayapulizia pumzi, anayafikicha, anayatia kwenye maji ya moto. Hewa ya chumba inakuwa nyepesi. Faramir anafumbua macho, hajawahi kumwona mtu huyu, na anamuuliza: mfalme anaamuru nini?

Filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema ina urefu wa saa 3 na dakika 21, na humo tukio hili halimo. Toleo refu lilirudisha punje yake: Aragorn akimhudumia Éowyn, bila maneno. Bibi Ioreth hayumo, wala usemi wake.

Toleo hilohilo likaongeza jingine. Mjumbe wa adui anatoka lango la Mordor, nchi ya adui huyo, kumtisha Aragorn na wenzake. Kitabuni Aragorn hasemi neno wala hagusi silaha. Anamkazia macho tu, mpaka mjumbe anarudi nyuma akilalamika kwamba yeye ni mjumbe, hafai kushambuliwa. Kwenye filamu Aragorn anamkata kichwa. Huwa nasimamisha hapo kila ninapofundisha. Yule mtu tuliyeambiwa kwa saa nyingi kwamba anaogopa nguvu isimharibu, anamuua mjumbe, na filamu haioni kwamba limetokea jambo.

Ndiyo maana taji lenyewe, kwenye filamu, kwangu linakuja mapema mno. Linavalishwa mtu aliyethibitishwa kwa upanga peke yake. Kitabuni Faramir, aliyeponywa, anasimama mbele ya lango na kuwauliza wananchi kama mtu huyu aingie awe mfalme wao, na mji mzima unaitika ndiyo. Wanajua wanachoitikia. Jamaa zao walilala katika nyumba zile.

Sikugusa alivyobadilishwa Faramir mwenyewe, na najua wapo humu wanaoona yeye ndiye aliyeumizwa zaidi. Naanza na maswali yao.