Tokyo Kwenye Mizani

Mabibi na mabwana, hamjambo. Naona wengine wenu mmetoka kazini moja kwa moja, mkapambana na msongamano wa Waiyaki Way hadi hapa katikati ya jiji, ili tuzungumze juu ya Tokyo, mwanamke wa tamthilia ambaye hajawahi kuzaliwa. Nawashukuru sana. Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kwangu mhusika ni jambo zito.

Nianze na Aprili 2020. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi. Ikifika saa moja jioni kila mtu awe ndani, hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 3 Aprili ikatoka sehemu ya nne ya ile tamthilia ya Kihispania, La casa de papel, ambayo hapa kwetu tumezoea kuiita Money Heist. Na humo ndani mhusika aitwaye Nairobi akauawa. Siku tatu baadaye, tarehe 6, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la jiji letu. Tukawa watu tuliofungiwa Nairobi, tunamlilia Nairobi. Katika jengo ninaloishi nilisikia ukelele kutoka ghorofa ya juu, nikajua jirani yangu amefika pale pale nilipokuwa nimefika usiku uliotangulia.

Kwa ambaye hakuitazama, nieleze kwa ufupi. Genge la wezi linaingia katika kiwanda cha serikali cha kuchapisha noti huko Madrid. Halitaki pesa za watu. Linataka kukaa humo na kujichapia zake. Anayewaongoza kutoka nje anaitwa Profesa, na kila mwizi amepewa jina la jiji ili wasijuane: Berlin, Moscow, Denver, Rio, Helsinki, Oslo, Tokyo, na huyo Nairobi wetu, fundi wa noti bandia, mama aliyenyang'anywa mwanawe. Ilianza kuonyeshwa Uhispania mwaka 2017 kwenye kituo cha Antena 3, kisha Netflix wakaichukua na kuieneza duniani. Hapa ilipita kila njia iliyokuwepo. Wanafunzi wangu wengi waliipata kwa fleshi, kutoka vile vibanda vya kupakia filamu.

Basi asubuhi baada ya kumwona Nairobi akifa, watu wakaulizana: ni nani aliyemuua Nairobi? Aliyefyatua risasi anajulikana. Ni Gandía, mkuu wa walinzi wa Benki ya Uhispania. Lakini katika mabishano niliyoyasikia mimi, kwenye simu, kwenye foleni ya duka, hadi kwenye matatu tuliporudi kuzipanda, Gandía hakutajwa. Mshtakiwa alikuwa Tokyo. Na mashtaka yalipangwa kwa ustadi, mtu hawezi kuyapuuza. Baada ya wizi wa kwanza, Tokyo na mpenzi wake Rio walikuwa wamejificha kisiwani, salama, pesa wanazo. Tokyo akachoka na utulivu, akataka kuondoka. Wakawa wanawasiliana kwa simu, simu zikamfichua Rio, Rio akakamatwa na kuteswa. Ili kumkomboa, genge likarudi kazini, sasa kuvamia Benki ya Uhispania. Nairobi akaingia nao, na hakutoka hai. Kwa hiyo, wakasema, laiti Tokyo angetulia kisiwani, Nairobi angekuwa hai.

Sitasimama hapa kumsafisha Tokyo. Ana makosa, na mengine ni mazito. Katika uvamizi wa kwanza, Profesa alikataza damu isimwagike, na siku hiyo hiyo Tokyo akawamiminia polisi risasi. Baadaye alimwelekezea Berlin, kiongozi wao wa ndani, bastola kichwani, akabahatisha na maisha ya mwenzake huyo. Berlin akamfunga na kumsukuma nje mikononi mwa polisi. Akawatoroka, akarudi kwa pikipiki, akapanda nayo ngazi kuingia ndani. Ni tukio la kusisimua kweli, ila wenzake walipofungua mlango ili aingie, Moscow alipigwa risasi, na Moscow akafa. Mzee yule mpole, baba yake Denver. Mimi mwenyewe nilimkasirikia Tokyo siku ile, na sehemu ya hasira ile ningali nayo.

Lakini kuna jambo lililonitokea darasani, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Kiswahili chetu kina kiambishi a-. Alikuja, alipenda, aliua. Kiambishi hiki hakisemi kama mtendaji ni mume au mke. Mhispania hana raha hii. Mara nyingi sifa moja tu anayompa mtu inamfichua. Nikaona niitumie lugha yetu kama kitambaa cha kumfunga macho hakimu. Nikaandika ubaoni matendo matatu kutoka tamthilia hii, bila majina.

La kwanza: katikati ya kazi, alimpenda mtu wa upande wa adui, akaingia kitandani naye, na ikafika saa wenzake walipiga simu isipokelewe, wasijue kama amekamatwa au amewaacha. La pili: aliamuru mateka auawe kwa sababu alipatikana na simu. La tatu: alipoona risasi imempata mpenzi wake, aliinua bunduki akawapiga waliompiga.

Kwa la kwanza darasa zima lilipaza sauti: "Tokyo!" Ni Profesa. Ndiye aliyeweka sheria ya kukataza mapenzi kazini, kisha akampenda Inspekta Raquel Murillo, polisi mwenyewe anayemsaka. Tena simu ile iliponyamaza ndipo hofu ilipotanda ndani, na katika hofu hiyo Tokyo alimshikia Berlin bastola. Yaani hata kosa lile la bastola lina mzizi kwa mtu mwingine.

Kwa la pili walisema huyo ni mnyama, asionewe huruma. Ni Berlin. Mateka mwenyewe ni Mónica, na alipona kwa sababu tu Denver alikataa kumuua, akampiga risasi ya mguu ili kudanganya. La tatu likawagawanya. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo ana mapenzi ya kweli, hata mimi ningefanya hivyo." Nikamwambia huyo ndiye Tokyo. Akanyamaza muda mrefu. Sikumcheka, kwa sababu na mimi ningejibu vivyo hivyo.

Tuseme kuhusu Berlin, kwani hapa ndipo panaponiuma. Zaidi ya kuamuru Mónica auawe, alilala na mateka mwingine, Ariadna, na Ariadna mwenyewe anasema alikubali kwa woga. Kwa Kiswahili cha wazi tunajua kitu hicho kinaitwaje. Hata hivyo Berlin alipobaki nyuma kwenye handaki kuwazuia polisi ili wenzake waokoke, watazamaji walimlilia kama ndugu. Alikwisha kufa mwisho wa sehemu ya pili, lakini waandishi wakamrudisha kwa kumbukumbu sehemu baada ya sehemu, na Desemba 2023 akapewa tamthilia yake mwenyewe. Pedro Alonso ameigiza vizuri mno, sibishi. Ana sauti, ana suti, ana maneno yaliyopangika. Ila nawauliza ndugu zangu: Tokyo akihukumiwa kwa vifo ambavyo hakuvikusudia, Berlin tumemfutia vipi yale aliyoyakusudia?

Sisi si wageni wa kumpenda mwizi. Tumelelewa na Sungura. Anakula njugu za wenyewe, anamwachia Fisi kipigo, nasi tunamshangilia tangu tukiwa magotini pa bibi. Profesa ni Sungura. Tulimpokea bila shida. Tokyo hana subira ya Sungura. Anatenda kwanza, anafikiri akiwa tayari amekimbia. Na hapo nawalaumu waandishi pia, kwa sababu wamemfanya kiberiti. Kila hadithi ilipotulia kupita kiasi, wao humwasha yeye. Mhusika akibebeshwa kazi hiyo mara ya kwanza ni tabia yake. Akibebeshwa mara ya tano, ni haki mtazamaji amuulize mwandishi.

Lakini msikilizeni, msimtazame tu. Nani anayesimulia? Ni Tokyo. Sauti tunayoisikia tangu dakika ya kwanza ni yake. Makosa yake tunayajua kwa sababu ameyaleta mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, bila kupunguza. Na huyo Profesa tunayempenda, upole wake, upweke wake, jinsi anavyorekebisha miwani, tumeupokea kupitia sauti ya mwanamke anayemwita malaika wake. Aliwapamba wenzake, akajianika yeye. Sisi tukayachukua maungamo yake tukayafanya ushahidi wa upande wa mashtaka. Shahidi aliyesema ukweli kuliko wote ndiye tuliyemfunga.

Nikiwa nasoma riwaya na wanafunzi huwa nawaambia wapime msimulizi anaficha nini. Kwa Tokyo nilijifunza kuuliza swali jingine: anapata nini kwa kutoficha? Sijalimaliza swali hilo.

Na kuhusu Nairobi. Alipopigwa risasi ya kwanza, ile ya mlenga shabaha baada ya kuonyeshwa mwanawe nje ya benki, kuna waliosita. Tokyo hakusita. Alichukua uongozi, akasimamia upasuaji humo humo benki, daktari akiwaelekeza kutoka mbali kwa video. Kasi ile ile tunayomlaumu nayo ndiyo iliyompa Nairobi muda ule wa nyongeza. Katika mabishano yote ya Aprili ile sikumsikia hata mmoja akilitaja hili, na mimi pia sikulitaja.

Tokyo alikufa katika sehemu ya tano, iliyotoka tarehe 3 Septemba 2021. Amejeruhiwa, amezingirwa, akaachia mabomu aliyokuwa amejifunga, na Gandía akaenda naye. Yule yule muuaji wa Nairobi. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimwita mkosi, alinipigia simu usiku huo, na kwa muda tulisikilizana tukivuta pumzi tu. Halafu akasema, "Lakini mwalimu, bado anaongea." Ni kweli. Amekufa, na sauti bado inaendelea na hadithi hadi mwisho.

Nimesema yangu. Najua Berlin ana watetezi wengi humu ukumbini, na wapo ambao kwa Moscow hawatamsamehe Tokyo kamwe. Nataka kuwasikia wote. Dada hapo karibu na dirisha, uliyeinua mkono nilipolitaja handaki, anza wewe.