Mzee Stagg, Kocha Aliyekataa Kukaa

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu. Kaka Baraka tangu asubuhi ananisimulia habari za mzee mmoja tu, nami nimekubali leo awe wake.

BARAKA: Amos Alonzo Stagg, dada! Kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi na kuangushana. Alizaliwa New Jersey mwaka 1862, akaenda Chuo Kikuu cha Yale akitaka kuwa mchungaji.

ZUHURA: Ikawaje akaishia uwanjani?

BARAKA: Kuhubiri kulimshinda. Akaona vijana atawafikia vizuri zaidi kwa michezo kuliko mimbarini. Ndiyo maana nampenda: wito hakuuacha, aliuhamishia uwanjani.

ZUHURA: Wasimulie lile godoro.

BARAKA: Ahaa! Akiwa Yale, mwaka 1889, alichukua godoro akalikunja kama mkeka, akalining'iniza kwenye ukumbi wa mazoezi. Kijana anakuja mbio, anainama, analivaa kwa bega. Akikosea, hakuna mwenzake aliyeumia. Leo kila timu ya mchezo ule ina kifaa cha namna hiyo.

ZUHURA: Halafu Chicago.

BARAKA: Mwaka 1892, chuo kikuu ndio kwanza kinafungua milango. Mkuu wake, William Rainey Harper, alikuwa amemfundisha Yale. Akampa ukocha na cheo cha uhadhiri pamoja, jambo geni kwa makocha wa siku zile. Wachezaji walikuwa haba, hata kocha mwenyewe akaingia kucheza.

ZUHURA: Mimi kilichonishika ni mechi ya Novemba 1905. Wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Michigan, walikuwa wamecheza mechi 56 bila kufungwa, tangu 1901. Chicago wakawafunga 2 kwa 0.

BARAKA: Mbili tu! Chicago walipiga mpira mrefu, mchezaji wa Michigan akaudaka nyuma ya mstari wake wa goli. Badala ya kutulia nao palepale, akajaribu kutoka mbio, wakamwangusha. Basi, pointi mbili.

ZUHURA: Na tusimsahau Stella, mkewe. Alikuwa anakwenda kuwatazama wapinzani na kuchora chati za mechi. Wanaosimulia sifa za Stagg wakimruka huyu mama, hawajatenda haki.

BARAKA: Kweli kabisa. Sasa sikia, baada ya misimu 41, Chicago wakamwambia umefika miaka 70, pumzika. Akafunga mizigo, akaenda College of the Pacific, kule Stockton, California, kuanza upya.

ZUHURA: Na Chicago wenyewe?

BARAKA: Mwaka 1939 wakaifuta kabisa timu yao kubwa. Uwanja wenye jina lake ukabaki mtupu, na Desemba 2, 1942, chini ya majukwaa yake, Enrico Fermi na wenzake wakawasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani.

ZUHURA: Mzee yuko wapi wakati huo?

BARAKA: Stockton, ana miaka 80, anafundisha! Mwaka uliofuata makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.

ZUHURA: Na hapo hakuishia.

BARAKA: Wapi! Mwaka 1947 akaenda Chuo Kikuu cha Susquehanna, Pennsylvania, kufundisha bega kwa bega na mwanawe. Akakaa huko hadi msimu wa 1952. Alikuwa ametimiza miaka 90.